Gaudí Baada ya Chuo

Wengi wetu tunamjua Antoni Gaudí kwa lile kanisa la Barcelona, Sagrada Família. Maisha yake ya chuo hayasemwi sana.

Alizaliwa 1852 Hispania, mtoto wa fundi wa shaba. Alisoma usanifu majengo Barcelona huku akiwachorea wasanifu wengine ili apate pesa ya kujisomesha. Alama zake zilikuwa za kawaida tu, na kuna masomo alifeli. Akahitimu 1878.

Chuoni ukimaliza mchoro unasahihishiwa, basi, imeisha. Kazini hapo ndiyo kwanza mambo yanaanza. Alipojenga Casa Milà, kuanzia 1906, manispaa ilimjia juu: nguzo imeingia njia ya waenda kwa miguu, jengo limezidi vipimo. Na mwenye nyumba naye waligombania malipo mpaka mahakamani, Gaudí akashinda. Mambo hayo huyakuti kwenye karatasi ya mtihani.

Hata hesabu za jengo alitafuta njia yake. Kwa kanisa la Colònia Güell alining'iniza kamba zenye vifuko vya risasi, akaangalia zinavyopinda, kisha akageuza umbo lile juu chini kupata matao.

Alikufa 1926 baada ya kugongwa na tramu, Sagrada Família ikiwa haijaisha.

Sisi wa ualimu tulifikirie hilo kabla ya mazoezi ya kufundisha. Andalio la somo linaweza kupata alama zote kwa mhadhiri, lakini wanafunzi waliobanana watatu kwenye dawati moja hawajalisoma.