Maisha ya George Washington Carver, Mwalimu wa Wakulima

Ndugu wanachama, katika kijitabu hiki cha ukumbusho mtakuta kurasa nyingi za hesabu: kilo za pamba zilizopimwa, magunia ya karanga yaliyouzwa, na fedha zilizogawiwa katika miaka kumi ya Chama chetu Kikuu. Hesabu hizo ni za haki, nazo zasomwe kwa makini. Lakini iko hesabu nyingine isiyoandikwa katika vitabu vya Chama, nayo ni ile ya vitu ambavyo mkulima hununua akiisha kulipwa, na vile anavyokopa kabla ya kulipwa. Mtu mmoja aliyeifikiri sana hesabu hiyo ni George Washington Carver wa Marekani, na kwa ajili hiyo tumeona yafaa kueleza maisha yake hapa.

Carver alizaliwa utumwani karibu na kijiji cha Diamond, katika jimbo la Missouri, yapata mwaka 1864. Siku yake ya kuzaliwa haijulikani, maana watumwa wengi hawakuandikiwa siku zao. Angali mtoto mchanga, yeye na mama yake walitekwa usiku na wanyang'anyi. Bwana wao, mkulima aitwaye Moses Carver, alimtuma mtu awafuatie. Mtoto akarudishwa hali mgonjwa, na yule aliyetumwa akapewa farasi kuwa ujira wake. Mama hakuonekana tena. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, Moses na mkewe Susan walimlea mtoto huyo pamoja na kaka yake.

Kwa kuwa mwili wake ulikuwa dhaifu, hakuwekwa katika kazi nzito za shamba. Alikaa nyumbani na Bibi Susan, akajifunza kupika, kufua, kushona, kufuma na kutunza bustani. Majirani walimletea mimea iliyonyauka, naye akaiuguza mpaka ikachipua, hata wakamwita daktari wa mimea. Ndugu wasomaji, kazi hizo za mikono, ambazo wanaume wengi hudhani haziwahusu, ndizo zilizomlisha kwa muda wa miaka mingi. Alipotoka nyumbani kwenda mji wa Neosho kutafuta shule iliyopokea watoto weusi, alipata makao kwa Bibi Mariah Watkins, mkunga aliyekuwa pia dobi, akamsaidia kufua. Baadaye, alipohama mji kwa mji katika jimbo la Kansas, aliishi kwa kufua na kupiga pasi nguo za watu huku akisoma.

Mwaka 1885 aliandika barua kuomba nafasi katika chuo kimoja cha Kansas, naye akakubaliwa. Lakini alipofika mlangoni na kuonekana kuwa ni mtu mweusi, akarudishwa. Hakufa moyo. Mwaka 1890 aliingia Chuo cha Simpson katika jimbo la Iowa kujifunza uchoraji. Mwalimu wake wa uchoraji alipoona jinsi alivyoyajua maua aliyoyachora, alimshauri ajifunze elimu ya mimea. Basi mwaka 1891 akaingia chuo cha kilimo cha jimbo hilo huko Ames, akawa mwanafunzi mweusi wa kwanza mahali pale. Picha yake moja ilitajwa kwa heshima katika maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1894, na ya pili mwaka 1896.

Mwaka huo huo wa 1896, Booker T. Washington, mkuu wa chuo cha Tuskegee katika jimbo la Alabama, alimwita aongoze idara ya kilimo. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1881 kwa ajili ya vijana weusi. Carver aliacha kazi nzuri kule Ames, akashuka kusini.

Aliyoyakuta huko ni mambo ambayo mkulima wa pamba po pote atayaelewa pasipo kufafanuliwa. Ardhi ilikuwa imechoka. Pamba ilipandwa juu ya pamba mwaka baada ya mwaka, na mvua ikachukua udongo wa juu na kuacha makorongo. Wakulima wengi weusi hawakuwa na ardhi yao. Walilima kwa kugawana mazao na mwenye shamba. Mbegu, unga, nyama ya chumvi na nguo walivikopa dukani kabla ya msimu, kwa riba kubwa, na dhamana ya mkopo ilikuwa pamba ambayo bado haijaota. Mwenye duka hakutaka zao lingine, maana pamba hailiwi, na mdaiwa hawezi kuimaliza jikoni. Msimu ulipokwisha, pamba ilipimwa, deni likakatwa, na mara nyingi mkulima alirudi nyumbani mikono mitupu, akaanza kukopa upya. Hivyo umaskini wa ardhi na umaskini wa nyumba vilikuwa vimefungwa kwa kamba moja.

Carver alitambua kwamba kumwambia mtu wa namna hiyo anunue mbolea ya kiwandani ni kumwongezea deni. Kwa hiyo akaanza na vitu visivyonunuliwa. Chuo hakikuwa na vyombo vya maabara. Yeye na wanafunzi wake wakapita jalalani wakiokota chupa, mitungi na makopo, wakavifanya vyombo vya kupimia na kuchemshia. Katika shamba la majaribio, lililoanzishwa kwa sheria ya jimbo la Alabama mwaka 1897, alitumia majani makavu ya msituni, tope jeusi la mabwawani na samadi ya zizini, akavipanga tabaka juu ya tabaka mpaka vikaoza na kuwa mboji. Akapanda kunde, kwa sababu mizizi ya jamii ya kunde husaidia kurudisha rutuba ambayo pamba imeila. Akapanda viazi vitamu, na baadaye karanga. Kunde na karanga zilikuwa na sifa mbili pamoja: ziliponya udongo, na familia iliweza kuzila bila kupita dukani.

Tangu mwaka 1898 mpaka kufa kwake alitoa vijitabu 44 vya mafundisho, vingi vikiwa vimeandikwa kwa maneno mepesi ambayo mkulima mwenye elimu kidogo angeweza kuyafuata. Cha kwanza kilieleza namna ya kulisha mifugo kwa matunda ya mialoni yaliyoanguka bure msituni. Kwa wale wasiojua kusoma, mwaka 1906 chuo kilitengeneza gari la kukokotwa na wanyama, lililobeba majembe, mbegu na vyombo vya nyumbani, likawafuata wakulima vijijini. Aliyeliongoza alikuwa Thomas Campbell, mmoja wa waliosomea Tuskegee.

Katika mafundisho hayo yote, lile linalotugusa zaidi ni lile la udongo wa rangi, alilolitolea kijitabu mwaka 1911. Vilima vya Alabama vina udongo mweupe, wa njano na mwekundu. Carver aliwafundisha watu kuuchimba, kuukoroga katika maji, kuuchuja na kuupaka katika kuta za vibanda vyao, ndani na nje. Rangi ya dukani ilikuwa ghali, na wengi waliishi katika nyumba za mbao zisizopakwa kitu. Yeye aliamini kwamba maskini ana haki ya kuishi mahali pazuri, na kwamba mtu anayeitazama nyumba yake bila aibu huwa na moyo wa kulitunza na shamba lake. Alifundisha pia kusuka mikeka na mazulia kwa nyuzi za mimea na kwa magunia yaliyochakaa. Mwenyewe alivaa tai alizozifuma kwa mkono na kuzitia rangi alizozitengeneza, na daima alichomeka ua katika koti lake kuukuu.

Wakati huo huo msiba ulikuwa njiani. Fukusi wa vitumba vya pamba, aliyevuka kutoka Mexico na kuingia Texas mwaka 1892, alifika Alabama mwaka 1910, akaharibu mashamba mengi. Waliokuwa na pamba tu waliachwa bila kitu. Mwaka 1916 Carver alitoa kijitabu chake mashuhuri cha kulima karanga na njia 105 za kuzitayarisha kwa chakula. Mwezi wa Januari mwaka 1921 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kuwasemea wakulima wa karanga waliotaka ushuru juu ya karanga za kigeni. Alipewa dakika 10, na mjumbe mmoja akamtania kwa dharau. Lakini alipoanza kutoa vitu vyake mfukoni, kimoja kimoja, wajumbe wakamwongezea muda tena na tena. Sheria ya forodha ya mwaka 1922 ilitoza ushuru karanga za kigeni.

Hapa yatupasa kusema kweli, maana sifa zisizopimwa hazimsaidii marehemu. Watu husema kwamba Carver ndiye aliyebuni siagi ya karanga. Si kweli, siagi hiyo ilikuwako kabla yake. Husemwa tena kwamba alipata vitu 300 kutokana na karanga; orodha ni ndefu, lakini mambo mengi yaliyomo yalikwisha kujulikana, na machache sana yalipata kuuzwa. Hati za uvumbuzi alizopewa ni tatu tu, kati ya mwaka 1925 na 1927, za vipodozi na rangi. Kampuni iliyoundwa mwaka 1923 kuuza vitu vyake haikufanikiwa. Wala hakuwa hodari wa kazi ya ofisi. Yeye na Washington waligombana mara nyingi juu ya taarifa na usimamizi wa banda la kuku la chuo. Sisi makatibu hatuwezi kumsifu kwa hilo.

Lakini tazameni vema mahali aliposhindwa na mahali aliposhinda. Vitu vyake vilipopelekwa sokoni kushindana na vya kiwandani, vilishindwa, kwa sababu kiwanda hutengeneza elfu wakati mkono unatengeneza kimoja. Vitu hivyo hivyo vilipobaki nyumbani, vikichukua nafasi ya kitu ambacho kingekopwa dukani, havikuwa na mshindani. Mkeka uliosukwa katika jioni za kiangazi haudai riba. Mboji haina tarehe ya kulipa.

Carver hakuoa. Mwaka 1940 alianzisha mfuko wa utafiti huko Tuskegee, akautolea akiba yake ya maisha, karibu dola 60,000 kwa jumla. Alifariki dunia tarehe 5 Januari 1943, akazikwa karibu na Booker T. Washington. Mwaka huo huo serikali ya Marekani ilitangaza mahali alipozaliwa kuwa kumbukumbu ya taifa.

Miaka minne tu baada ya kufa kwake, karanga zilileta habari nyingine katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa matingatinga na fedha nyingi. Mvua haikutosha, udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama sakafu, na mashine zikaharibika. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zikapotea. Zao lilikuwa lile lile alilolifundisha Carver. Yeye alianza kwa kuuliza udongo una nini na mkulima ana nini. Wenye mpango walianza kwa kuuliza mashine zaweza kufyeka eka ngapi.

Ndugu wanachama, katika mikutano yetu limezungumzwa mara kadhaa shauri la kuuza mikeka, vikapu na vyungu vya kina mama wa vyama vya msingi. Hatulipingi. Wako wanunuzi wanaopenda kitu kilichotengenezwa kwa mkono, kwa uzuri wake na kwa kuwa hakifanani na kingine, nao hulipa vizuri. Lakini ni wachache, na wako mbali. Kabla ya kuwatafuta hao, twapendekeza kila chama cha msingi kiandike vitu vitatu ambavyo wanachama wake hununua kila mwaka na ambavyo mikono yao yaweza kuvitengeneza. Tunanunua kamba za plastiki na mkonge umesimama mpakani mwa shamba. Tunanunua mifagio na chelewa zimejaa. Tunakopa mbolea, na samadi imerundikana nje ya zizi mpaka mvua inaichukua. Jembe, baiskeli na dawa tutaendelea kununua, maana hakuna mkono utakaovitengeneza kwa nafuu kuliko kiwanda. Katika hayo Carver mwenyewe hakuwadanganya watu wake.

Orodha hizo zikiletwa katika mkutano mkuu ujao, Kamati itaweza kuona ni fedha ngapi zinazotoka nyumbani kwa wanachama pasipo lazima. Ndipo kijitabu cha miaka ishirini kitakapokuwa na hesabu zote mbili, ya zilizoingia na ya zilizobaki.