Seremala Zénobe Gramme

Zénobe Gramme alizaliwa mwaka 1826 katika kijiji cha Jehay-Bodegnée, Ubelgiji. Shuleni hakuendelea sana, hata alipokuwa mtu mzima alikosea kuandika maneno. Lakini mikono yake ilikuwa na akili. Akajifunza useremala.

Baadaye akahamia Paris, katika nchi ya Ufaransa. Mwaka 1860 akapata kazi kwa kampuni moja iliyotengeneza mashini za umeme. Alichonga vielelezo vya mbao tu. Lakini kila siku alizitazama zile mashini, akataka kujua zinafanyaje kazi.

Mashini za siku zile zilikuwa na kasoro: umeme wake ulitoka kwa kushtukashtuka, kama maji ya mtungi wenye shingo nyembamba. Gramme akachukua pete ya chuma, akaizungushia waya wa shaba, mafungu mengi yakifuatana. Pete ikazunguka katikati ya sumaku. Fungu moja lilipopungua nguvu, jingine lilikuwa linaongeza. Kwa hiyo umeme ukatoka mfululizo, kama mto. Kweli, Mwitalia Antonio Pacinotti alikuwa ametengeneza pete ya namna hiyo mbele yake, lakini watu wachache tu waliiangalia. Mwaka 1871 mashini ya Gramme ilionyeshwa mbele ya wataalamu wakubwa wa Paris, nao wakastaajabu kuona kazi ya seremala.

Mwaka 1873 palikuwa na maonyesho makubwa katika mji wa Vienna. Mwenzake Gramme, Hippolyte Fontaine, alipeleka mashini mbili za namna moja. Ya kwanza ilizungushwa na injini, ikatoa umeme. Umeme ukapita katika waya mrefu, ukaingia katika mashini ya pili. Nayo je, ilifanya nini? Ikaanza kuzunguka yenyewe, ikaendesha pampu ya maji! Basi watu wakaona kwamba mashini ile ina kazi mbili: ukiizungusha, inatoa umeme, ukiipa umeme, inazunguka. Tena nguvu za injini zimesafiri katika waya, bila mkanda wala gurudumu, zikafanya kazi mahali pengine.

Baada ya hapo viwanda vingi vikanunua mashini za Gramme. Alikufa mwaka 1901 huko Bois-Colombes, karibu na Paris. Wabelgiji wakamjengea sanamu kubwa mjini Liège, kando ya daraja.