Sayyid Khalifa na chuo kilichodumu kuliko usultani

MKAZI wa Ganjoni atokaye kwake kwenda Tudor, upande wa pili wa kisiwa cha Mombasa, hufika penye Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Wachache hukumbuka kwamba miongoni mwa waliochangia kukianzisha alikuwamo Sultani wa Zanzibar, Sayyid Khalifa bin Harub.

Khalifa alizaliwa Muscat mwaka 1879, akafika Unguja mwaka 1893. Alimwoa Sayyida Matuka, dada yake Sultani Ali bin Hamud, na Ali alipojiuzulu mwaka 1911 yeye ndiye aliyetawazwa. Alikaa enzini karibu miaka 49.

Mombasa nayo ilihesabiwa kuwa yake. Bendera yake nyekundu ilipepea juu ya Ngome ya Yesu, na liwali aliketi kwa jina lake. Hata hivyo, tangu mwaka 1895 ukanda huo wa maili 10 uliendeshwa na Waingereza kwa kodi ya kila mwaka. Enzi ilibaki ya jina tu, na Khalifa, mtu mpole asiyependa mivutano, hakujaribu kuirejesha.

Waislamu wengi wa pwani walisita kuwapeleka watoto wao katika shule za wamishenari, wakichelea wasije wakabadilishwa dini. Hivyo ajira za ufundi katika reli na bandari ya Kilindini, palepale mlangoni pao, zikachukuliwa na wengine. Hasara hiyo haikuwa ndogo.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, mashauriano kati ya Sultani, Aga Khan wa Tatu, Gavana Philip Mitchell na serikali ya Uingereza yalizaa taasisi ya elimu ya Waislamu, iliyojulikana kwa ufupi kama MIOME. Aga Khan alitoa mchango wa fedha. Sultani, jumuiya ya Mabohora na hazina ya Uingereza nao wakatoa. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Ali Mazrui, baadaye profesa mashuhuri, alifanya kazi hapo ujanani kabla ya kwenda kusoma Uingereza.

Khalifa alifariki Oktoba 1960. Miaka mitatu baadaye, mjukuu wake, Sultani Jamshid, aliuachia ukanda wa pwani uwe sehemu ya Kenya huru, na Januari 1964 akapinduliwa Unguja.

Chuo hakikuanguka naye. Kilikuwa kimekwisha kuwafungulia milango wanafunzi wa dini zote. Mwaka 1966 kikawa taasisi ya ufundi ya umma, na mwaka 1972 Mombasa Polytechnic. Mwaka 2007 kilipandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 Rais Mwai Kibaki akakipa hati ya chuo kikuu kamili. Jamshid alikuwa angali hai, uhamishoni Uingereza; alifariki Oman mwaka 2024.