Jenerali China: Kutoka Bunduki Hadi Kalamu

Sisi watu wa pwani vita tumevijua kwa masikio kabla ya macho. Mtoto aliyelelewa chuoni, kama nilivyolelewa mimi, mchana alikuwa na juzuu yake mkononi, na jioni aliwasikia wazee barazani wakisoma Chuo cha Herekali, utenzi alioutunga Bwana Mwengo huko Pate mnamo 1728, au ule wa Hemedi bin Abdallah juu ya vita vya Wadachi na watu wa Mrima. Kwetu habari za vita zilikuwa ni kitu cha kusomwa kwa sauti, na asiyejua kusoma hakukosa fungu lake.

Nayataja haya kwa sababu mtu ninayetaka kumsimulia leo hakuwa wa pwani wala hakuwa Mwislamu. Alikuwa Mkikuyu wa Mukurwe-ini, wilaya ya Nyeri. Lakini naye habari kubwa ya vita ilimwingia kwanza kwa sikio, kisha ndipo ikaja ikatoka kwa kalamu. Jina lake ni Waruhiu Itote, na wengi walimjua kwa jina la msituni, Jenerali China.

Aliyenijulisha naye ni ami yangu. Ami alikuwa Keya, mmoja wa maelfu ya askari wa Afrika Mashariki waliopakiwa melini Kilindini wakapelekwa Ceylon na kisha Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Alijua kusoma herufi za Kiarabu na kuandika Kiswahili kwa herufi hizo, lakini herufi za Kizungu zilimpiga chenga. Mwaka 1987 nilinunua kwa muuza vitabu vikuukuu mjini Mombasa kitabu kiitwacho Mau Mau General, kilichotolewa Nairobi na East African Publishing House mwaka 1967. Ami aliposikia kwamba mwandishi wake alipigana Burma, aliniamuru nikae chini nimsomee. Basi kila baada ya sala ya isha nilisoma Kiingereza kwa macho na kutoa Kiswahili kwa mdomo, naye akisikiliza huku tasbihi imesimama mkononi.

Itote alizaliwa mwaka 1922. Masomo yake ya utotoni yalikuwa machache. Mwaka 1942 aliingia jeshi la Keya, akapanda cheo hadi kuwa koplo, na akapelekwa kupigana na Wajapani upande wa Kalewa. Ami alipafahamu. Askari wetu walipita bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua isiyokatika, wakizama topeni hadi magotini, na homa ikiua kama risasi.

Huko ndiko Itote alikopata darasa lake la kwanza la historia ya vita, na walimu wake hawakuwa na ubao wala chaki. Mmoja alikuwa askari Mwingereza aliyemwuliza anapigania nini hasa, maana Mwingereza anapigania nchi yake, na yeye Mwafrika nchi yake iko mikononi mwa wengine. Mwingine alikuwa askari mweusi wa Kimarekani, aliyemsimulia habari za kisiwa cha Haiti, jinsi watumwa walivyoshika silaha wakayashinda majeshi ya Napoleon na kusimamisha dola yao mwaka 1804.

Nilipofika kwa yule Mwingereza, ami alinitaka nirudie. Nikarudia mara tatu. Kisha akasema kwamba yeye katika miaka yote ya Burma hakuna aliyemwuliza swali hilo, na laiti angeulizwa asingekuwa na la kujibu.

Vita vilipokwisha Itote alirudi akapata kazi ya kutia makaa katika gari la moshi. Akaingia siasa za chama cha KAU mjini Nairobi, na mwaka 1952, mwaka ambao serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, alikuwa ameshapanda msituni. Dedan Kimathi na Stanley Mathenge walikuwa upande wa Nyandarua. Itote akawa mkuu wa majeshi ya Mlima Kenya. Mbinu alizofundishwa na Waingereza za kupigana na Mjapani katika misitu ya Burma, ndizo alizowarudishia wenyewe.

Mimi nchi hiyo nimeizuru. Mtu wa Mombasa aliyezoea joto na harufu ya chumvi, akishuka basi Karatina asubuhi, huhisi baridi imemshika masikio. Soko la Karatina ni bahari ya viazi na kabichi, na wenyeji hukumbuka kwamba wakati wa vita vile vya dunia palikuwa na kiwanda cha kukausha mboga kwa ajili ya majeshi. Fikiri basi, msomaji: mboga za Karatina zilimfuata askari vitani, na askari huyo aliporudi vita vikamfuata hadi Karatina. Maana ni upande huo huo ambapo tarehe 15 Januari 1954 Itote alipigwa risasi ya shingo akakamatwa.

Hapa ndipo penye mfupa mgumu wa kisa hiki, na mwandishi mwaminifu hapaswi kuuruka. Alihojiwa kwa saa 68 na Ian Henderson, afisa wa polisi aliyekijua Kikikuyu barabara. Alisema mengi. Mwezi wa Februari mahakama ya Nyeri ilimhukumu kunyongwa, na mwezi wa Machi hukumu ile ikaondolewa, naye akakubali kuwaandikia majemedari wenzake barua za kuwaita kwenye mazungumzo ya amani. Mazungumzo yakavunjika mwezi wa Aprili. Kimathi alinyongwa Februari 1957, China akaishi. Wako waliobaki msituni waliomwona kuwa amewauza wenziwe.

Nilipomsomea ami sura hizo nilikuwa kijana wa hukumu za haraka, nikasema kwamba huyu ni msaliti. Ami alinikemea. Alisema kwamba aliyelala kitandani asimpimie aliyelala kaburini mguu mmoja. Mimi nilinyamaza, lakini sikuridhika. Leo nywele zimeingia mvi, na bado sithubutu kutoa fatwa. Ninalojua ni kwamba Toussaint, yule jemedari wa Haiti, naye alikamatwa mwaka 1802 kwa hila ya kuitwa mazungumzoni, akafa gerezani Ufaransa mwaka uliofuata. Kukaa meza moja na adui mwenye nguvu kumeponza wengi, na si wote walikuwa waovu.

Itote alipelekwa Lokitaung, jangwani kaskazini, walikofungwa Jomo Kenyatta na wenzake wa kesi ya Kapenguria. Kule yule mzee akawa mwalimu wake wa Kiingereza. Waliosoma sira ya Mtume, rehema na amani zimshukie, hawatastaajabu. Baada ya vita vya Badri, katika mwaka wa 2 wa Hijra, mateka wa Kikureshi waliojua kuandika na hawakuwa na mali ya kujikomboa, fidia yao ilikuwa kila mmoja kuwafundisha kusoma watoto kumi wa Madina. Tangu zamani kalamu imepata nafasi pale ambapo upanga umewekwa chini. Tofauti ni kwamba Lokitaung mfungwa alimfundisha mfungwa, na fidia yake haikuonekana hadi miaka mingi baadaye.

Alifunguliwa mwaka 1962. Uhuru ulipopatikana alitiwa katika uongozi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1964, akaitumikia hadi alipostaafu mwaka 1984. Lakini kazi ninayomheshimia zaidi ni ile ya vitabu. Wakati ule vita vya msituni vilikuwa vimekwisha kuandikwa na wale waliovishinda: Henderson alikuwa ametoa kitabu chake juu ya kumwinda Kimathi mwaka 1958, na serikali ya kikoloni ripoti yake ya Corfield mwaka 1960. J. M. Kariuki alijibu mwaka 1963 kwa kitabu cha maisha ya kizuizini. Itote akafuata mwaka 1967 kwa vita vyenyewe, na mwaka 1979 akaongeza Mau Mau in Action. Alijua kwamba kijana atakayesoma vitabu vya upande mmoja atawahukumu babu zake kwa ushahidi wa upande huo. Hata makosa yake mwenyewe aliona heri ayaeleze yeye kuliko kuelezewa. Alifariki Aprili 1993.

Mjini Nyeri liko kaburi la mwanajeshi mwingine aliyeandika vitabu, Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliyefariki huko mwaka 1941. Maskauti hutoka pembe zote za dunia kuja kulizuru. Sikuwaonea wivu. Nilisimama pale nikawaza kwamba kinachomtofautisha mtu anayezuruliwa na anayesahauliwa, mara nyingi si ushujaa bali ni karatasi.

Tulipomaliza kitabu, ami alikaa kimya, kisha akaniomba jambo moja. Alinitaka nilete daftari, anisimulie Burma yake tangu Kilindini hadi Kilindini, nami niandike. Nilimwitikia labeka, na nilikuwa na nia. Lakini siku zile nilikuwa nikitungia watu mashairi ya arusi, na kila jioni palikuwa na sababu ya kungoja kesho. Ami alifariki kabla sijanunua daftari. Kilichobaki ni medali moja isiyo na utepe, na yale machache niliyoyaandika humu.

Ndugu msomaji, pengine nyumbani kwako yuko mzee wa namna hiyo. Keya wa Burma karibu wote wamekwisha kwenda mbele ya haki, lakini wako walioona mengine. Usimngoje apate mchapishaji. Nunua daftari leo, umwandike kwa herufi zozote uzijuazo.