Ada Lovelace: Binti wa Mshairi na Muziki wa Mashine

Ada Lovelace alizaliwa London tarehe 10 Desemba 1815, mtoto pekee wa ndoa ya mshairi Byron. Wazazi walitengana Ada akiwa na umri wa wiki chache tu, na hakuwahi kumjua babake. Mama, kwa kuchelea asirithi tabia za mshairi yule, alihakikisha analelewa kwa hisabati.

Mnamo 1833 Ada alikutana na Charles Babbage, mbunifu wa mashine za kukokotoa. Mwaka 1843 alitafsiri makala ya Menabrea kuhusu mashine mpya ya Babbage, akaiambatisha maelezo yake yaliyoizidi kwa urefu. Humo alieleza kwamba, iwapo uhusiano wa sauti ungewekewa kanuni, mashine ingeweza kutunga muziki. Wazo hilo si geni kwa aliyeshuhudia kilumi kule Kathiani, Machakos: mapigo ya ngoma yana mpango wake, na mpigaji humjibu mchezaji. Hata hivyo, Ada alishikilia kuwa mashine haianzishi jambo, hutenda inaloagizwa.

Mashine ile haikukamilika. Ada alifariki tarehe 27 Novemba 1852, akiwa na miaka 36, akazikwa Hucknall kando ya babake, kama alivyotaka. Kufikia 1957, kompyuta ya Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, ilikuwa imetumika kutunga muziki wa ala nne za nyuzi. Leo zipo programu zinazomsikiliza mpigaji na kumjibu papo hapo. Hivyo, hisabati iliyokusudiwa kumtenga Ada na sanaa ndiyo iliyomrejesha humo.