John Allen na Reli Iliyojengwa kwa Mikono

Mwalimu anayejifunza kazi huambiwa mara kwa mara kwamba zana za kufundishia ni sehemu kubwa ya somo. Maneno hayo ni ya kweli, lakini yanaacha swali moja bila jibu. Je, faida ya zana imo katika kitu kilichokwisha kutengenezwa, au imo katika kazi ya kukitengeneza? Katika makala haya tunakusudia kulitazama swali hilo kwa kueleza maisha ya John Allen, Mmarekani ambaye hakuwahi kuwa na sifa ya ualimu wa darasani, lakini ambaye wajenzi wa reli za mfano katika nchi nyingi wanamhesabu hadi leo kuwa mwalimu wao.

John Allen alizaliwa mwaka 1913 huko Joplin, katika jimbo la Missouri. Kazi aliyojifunza na kuifanya ilikuwa ya kupiga picha. Jambo hili tunalitaja mapema kwa sababu ndilo lililomtofautisha na wenzake. Mpiga picha huzoea kujiuliza mwanga unatoka wapi, kivuli kinaangukia wapi, na ni kitu gani jicho linakiona kwanza. Katika miaka ya 1940 alihamia Monterey, mji wa pwani ya California, na huko ndiko alikoanza kujenga reli iliyompatia jina.

Reli ya mfano si kitu cha kuchezea tu. Ni nakala ndogo ya reli ya kweli, yenye njia, madaraja, stesheni, milima na miji, na kila sehemu yake hupunguzwa kwa kipimo kimoja. Allen alitumia skeli ya 1:87. Kwa skeli hiyo, mtu mwenye urefu wa sentimita 174 huwa na urefu wa sentimita 2, na mlango wa mita 2 huwa na urefu wa milimita 23 hivi. Njia ya reli ya Marekani, ambayo upana wake ni milimita 1,435, hupungua hadi milimita 16.5. Mjenzi akikosea skeli katika kitu kimoja tu, kwa mfano akiweka dirisha kubwa kuliko inavyostahili, jicho la mtazamaji hushtuka mara moja, hata kama mtazamaji mwenyewe hawezi kueleza kosa liko wapi.

Allen aliipa reli yake jina la Gorre & Daphetid. Jina hilo lilikuwa mzaha, kwani likitamkwa hufanana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya kutapakaa damu na kushindwa. Ilikuwa reli ya kubuni, iliyopita katika milima ya magharibi ya Marekani wakati wa injini za mvuke. Majengo mengi aliyajenga mwenyewe kwa kadibodi na vipande vya mbao. Madaraja ya nguzo za mbao aliyaunganisha kijiti kwa kijiti. Milima aliifinyanga kwa plasta.

Ni vema tuzingatie jinsi alivyoanza. Reli yake ya kwanza ilikuwa ndogo, kiasi cha meza moja. Baadaye alijenga ya pili, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaanza ya tatu, iliyojaza chumba kikubwa chini ya nyumba yake. Hata hivyo, ile ndogo ya kwanza hakuitupa, bali aliiingiza ndani ya ile kubwa ikawa sehemu yake. Aliyekuwa akijifunza na aliyekuwa fundi walikutana katika kazi moja.

Mchango wake mkubwa ulikuwa katika kuvitazama vitu jinsi vilivyo. Katika siku zake, wajenzi wengi walipenda injini zinazong'aa na nyumba zenye rangi mpya. Allen aliona kwamba reli inayofanya kazi haing'ai. Paa hupata kutu mahali ambapo maji hutuama, ukuta hushika moshi, mbao hupauka kwa jua, na vumbi hukaa chini ya behewa kuliko juu yake. Basi akavichakaza vitu vyake kwa rangi, kila alama ikiwa na sababu yake. Hakuwa peke yake katika ufundi huo, lakini picha na maandishi yake ndiyo yaliyowashawishi wengi kuufuata.

Vilevile alijua kulitumia jicho la mtazamaji. Milima yake ilianzia sakafuni na kupanda hadi karibu na dari, hivi kwamba mgeni alijiona yumo ndani ya bonde. Vioo alivificha mahali palipofaa, na njia iliyokomea ukutani ikaonekana kuendelea mbali. Vitu vya nyuma alivifanya vidogo kuliko vya mbele, na chumba kikaonekana kirefu kuliko kilivyokuwa.

Wala hakujenga ili watu watazame tu. Marafiki zake walikusanyika nyumbani kwake wakaiendesha reli kwa ratiba, kila mmoja akiwa na wajibu wake, kama wafanyakazi wa reli ya kweli. Alibuni pia fumbo la kupanga mabehewa katika njia fupi zenye nafasi finyu, ambamo mchezaji hushindana na saa. Fumbo hilo, liitwalo Timesaver, lilichapishwa mwaka 1972 na linachezwa mpaka leo. Mzaha nao haukukosa: katika kituo kimoja mabehewa yalivutwa na mnyama wa kale, dinosaria mwenye magamba mgongoni, aliyeitwa Emma.

Tarehe 6 Januari 1973 Allen alifariki kwa ugonjwa wa moyo, na reli yake ilikuwa bado haijakamilika. Siku kumi baadaye nyumba yake ilishika moto. Kazi ya zaidi ya miaka ishirini, pamoja na madaraja yaliyounganishwa kijiti kwa kijiti, iliteketea karibu yote.

Je, tuseme kwamba kazi hiyo ilipotea? Hapa ndipo lilipo jibu la swali letu. Laiti Allen angekuwa mchoyo wa maarifa, moto ungemaliza kila kitu. Lakini kwa miaka mingi alikuwa amepiga picha na kueleza katika majarida namna alivyotengeneza kila kitu, bila kuficha ufundi wake. Mwaka 1981 Linn Westcott, aliyewahi kuwa mhariri wa jarida la Model Railroader, alitolewa kitabu chake juu ya maisha na kazi ya Allen, ingawa Westcott mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki. Mbinu za Allen zimo mikononi mwa watu ambao hawakupata kukiona chumba kile. Kilichoungua ni zana, na somo limebaki.

Ndugu mwalimu, shule yako haihitaji chumba kikubwa wala vifaa vya dukani. Chagua pamoja na wanafunzi wako jengo mnalolifahamu na wakati maalumu. Kama mko karibu na Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, stesheni ya enzi za mvuke yafaa sana. Tumieni skeli ya 1:100, kwa maana hesabu zake ni nyepesi: njia ya mita moja inakuwa sentimita moja, na jengo la mita 20 linakuwa sentimita 20. Wanafunzi wakapime kwa kamba, waandike, wagawanye, ndipo wakate maboksi. Udongo wa mfinyanzi utakuwa milima, mabua yatakuwa nguzo, na uji mzito wa unga utakuwa gundi. Wazee waulizwe stesheni ilivyokuwa. Hesabu, jiografia, historia na kazi za mikono zitakutana juu ya meza moja.

Lakini jihadhari na kosa moja. Mwalimu akiukamilisha mfano mwenyewe usiku, ili upendeze mbele ya mkaguzi, kisha akaufungia kabatini usichafuliwe, atakuwa amejifundisha yeye peke yake. Afadhali stesheni iliyopinda kidogo, iliyopimwa na kukatwa na watoto. Mwaka ukiisha mchwa wataila au mvua itaiharibu, na mwakani darasa jingine litajenga yao. Wale waliotangulia watakuwa wamekwisha kujua kupima, kukadiria na kutazama.