Dkt. Hugh Trowell: Daktari aliyeiona presha ikiingia Afrika Mashariki

Presha si ugonjwa wa watu wa mjini peke yao. Kwenye foleni ya zahanati, Kilosa au Mikumi, utamkuta mkulima wa mpunga, mama lishe wa kando ya barabara ya Iringa na mzee kutoka kijijini. Swali tunalolisikia mara nyingi ni hili: mbona jirani yangu anaongeza chumvi mezani kila siku na kipimo chake ni kizuri, lakini mimi nimeambiwa niipunguze?

Ili kulijibu, leo tunasimulia maisha ya Dkt. Hugh Trowell, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1904 na kusomea udaktari London. Alifika Kenya mwaka 1929. Mwaka huohuo daktari mwingine, Donnison, alichapisha vipimo vya watu wapatao 1,000 aliowapima upande wa Kisii. Presha zao hazikupanda kadiri umri ulivyosogea, na baada ya miaka 40 zilielekea kushuka. Trowell naye, katika miaka yake ya mwanzo, hakuwa akiwaona Waafrika wenye presha ya kupanda.

Mwaka 1935 alihamia Hospitali ya Mulago, Kampala, akawa pia mwalimu wa madaktari wa Makerere. Mkewe, Margaret, ndiye aliyeanzisha shule ya sanaa ya Makerere. Trowell alijulikana zaidi kwa kazi yake juu ya kwashiakoo, utapiamlo unaovimbisha watoto, na mwaka 1954 yeye na wenzake walitoa kitabu juu ya ugonjwa huo.

Lakini wodini aliona jambo lingine. Mwaka hadi mwaka, wagonjwa wa presha waliongezeka. Mwaka 1956 yeye na mwenzake waliandika juu ya Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, jambo lililokuwa nadra sana wakati huo. Damu ya watu haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni maisha: chumvi ya dukani ilipatikana kwa urahisi, vyakula vya viwandani viliingia, na uzito wa miili ukaongezeka.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alirudi Uingereza, akawa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Alipostaafu alirudia utafiti pamoja na Denis Burkitt, daktari mwenzake wa Uganda. Mwaka 1980 alieleza jinsi presha ilivyopanda Kenya na Uganda katika miaka 50, akiitaja chumvi kuwa sababu kubwa. Alifariki mwaka 1989. Mwaka uliofuata ulichapishwa utafiti juu ya Wajaluo waliohamia Nairobi kutoka kijijini. Presha zao zilianza kupanda mapema baada ya kuhama, na mkojo wao ulionyesha kuwa wanakula chumvi nyingi zaidi.

Sasa turudi kwa jirani. Chumvi huvuta maji. Figo zikiitoa haraka kwenye mkojo, presha hubaki karibu palepale. Zikiitoa polepole, maji huongezeka kwenye damu na mishipa hubanwa. Mmarekani Lewis Dahl alilionyesha hili kwa panya katika miaka ya 1960: alizalisha kizazi kilichopanda presha kwa chumvi na kingine kilichostahimili. Kwa binadamu, wanaoathirika zaidi ni wazee, wenye kisukari, wenye ugonjwa wa figo, na wale ambao tayari wana presha. Watu wenye asili ya Afrika nao huathirika kwa wingi zaidi.

Hakuna kipimo rahisi cha zahanati cha kujua wewe ni wa kundi gani, na presha mara nyingi haiumi. Ndiyo maana ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni mmoja kwa watu wazima wote: chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye mboga, supu, chipsi na viungo vya pakiti.

Tufanyeje? Tuondoe kopo la chumvi mezani. Tukaangie kwa kitunguu, limau na nyanya. Dagaa na samaki wa chumvi tuwaloweke na kumwaga maji. Maharage, mchicha na ndizi zina potasiamu inayosaidia kutoa chumvi mwilini, ila mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza. Chumvi tunayobaki nayo iwe yenye madini joto, ili tusipate tezi la shingo.

Anayetumia dawa asiziache kwa sababu amepunguza chumvi. Na jirani mwenye kipimo kizuri mwaka huu naye apime tena mwakani.